Kiwanda cha Uani

Sanduku la zana la marehemu ammi yangu, ambalo leo limo chini ya meza yangu ya kazi, lilikuwa na zana kumi na tatu, nami idadi hiyo naikumbuka kwa sababu kila jioni, kabla ya kufunga kiwanda na kwenda kusali magharibi, alikuwa akinitaka nizihesabu moja moja huku nikizirudisha mahali pake: msumeno mkubwa na msumeno mdogo, tezo, randa mbili, patasi tatu, juba la kutobolea matundu ya ndimi, nyundo, tupa, timazi, na keekee pamoja na uta wake. Zikitimia, husema "Alhamdulillahi" kama mtu aliyehesabu kuku wake wakati wa kuwafungia; zisipotimia, hatutoki.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Mkunazini, katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe, chumba chembamba na kirefu kama vilivyo aghalabu ya vyumba vya nyumba za kale za Unguja, kwani upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na boriti haivuki kwa salama zaidi ya mita tatu hivi baina ya ukuta na ukuta. Siku zile neno karakana hatukuwa nalo midomoni; tulisema kiwanda, na kiwanda kilikuwa hicho tu, mahali palipotandazwa taka za randa, pana mtu anafanya kazi na watu wanamtazama. Meza hakuwa nayo. Alikaa chini juu ya ubao, akaushika mti kwa vidole vya miguu, na mguu wake ukawa ndio jiriwa lake. Na kwa hali hiyo alitengeneza makabati, vitanda na milango, na mara moja niliwahi kumwona akitia mfaa mpya, ule mti wa kati unaosimama baina ya mbao mbili za mlango wa nakshi, kwa mti wa mfenesi ambao siku ile ulikuwa na rangi ya manjano kama bizari, na ambao nilipopita miaka mingi baadaye niliukuta umekuwa kahawia, umefanana kabisa na ndugu zake wa zamani.

Mwaka mzima wa kwanza sikuruhusiwa kukata kitu. Kazi yangu ilikuwa kunoa, kwa jiwe na maji, toka baada ya chuo mpaka alasiri, na kila nikidhani nimemaliza nilimpelekea patasi nikimwambia, "Ammi, hii si kali tayari?" naye huichukua, akaipitisha juu ya malaika ya mkono wake, akanirejeshea. "Kali kwa nani, mwanangu? Kwa muhogo?"

Lakini jambo ambalo sikulitia maanani wakati ule, na ambalo limenichukua takriban miaka arubaini kulitambua, ni kwamba kiwanda kile kilikuwa na zana chache na watu wengi. Mlango ulikuwa wazi daima, na barazani hapakosi watu watatu au wanne, baharia aliyerudi, mzee wa msikiti wa jirani, muuza kahawa na madele yake, nao walizungumza na ammi pasi na yeye kuacha kazi. Keekee haimzuii mtu kusema. Mkono wa kushoto hukandamiza jivu juu ya msukano, mkono wa kulia huvuta uta mbele na nyuma, chuma kikazunguka kwenda na kurudi, na sauti yake, mkwaruzo mwororo wa kamba juu ya mti, ni kama mazungumzo yenyewe.

Ammi alifariki dunia mwaka 1974, na sanduku likanijia mimi, ambaye wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu nikikaa katika mojawapo ya majumba marefu ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki mahali palipokuwa na nyumba za Ng'ambo. Kiwanda changu cha kwanza kilikuwa roshani ambayo haikuzidi mkeka wa kulalia watu wawili. Nikilala usingizi mwepesi, hata leo naweza kumsikia bibi aliyekaa chini yangu akiniita kwa sauti ya taratibu iliyonitisha kuliko makelele: "Mwanangu mwalimu, dari langu hilo." Nikamwomba radhi mara tatu, na mara ya nne nikampelekea mbuzi ya kukunia nazi niliyoichonga kwa mikono yangu; tangu siku ile kelele zilikuwa zile zile, ila hakuzisikia tena.

Ilikuwa miaka ya shida ya bidhaa, na seremala wa ridhaa kama mimi hakuwa na haki ya kulalamika ilhali watu walipanga foleni kwa mchele. Misumari niling'oa katika makasha, nikainyoosha juu ya jiwe mmoja baada ya mmoja, na msumari ulionyooshwa mara mbili una tabia ya kukumbuka ulikopinda. Karatasi ya msasa ilipoadimika, mtu wa shamba aliniletea majani ya msasa wenyewe, mti ambao ndio ulioipa karatasi ile ya dukani jina lake, jani gumu lenye vinyweleo vinavyokwaruza kama ulimi wa paka. Na kwa kumalizia mti uliokwisha pigwa randa, jani lile ni bora, isipokuwa halidumu. Vipimo nilivyofundisha darasani vilikuwa sentimita na mita, lakini kwenye roshani nilipima kwa shibiri, na shibiri mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima, kama alivyonifundisha ammi.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1984, biashara ilipolegezwa na maduka ya Darajani yakaanza kujaa bidhaa zilizotoka Dubai. Mwaka 1988 nilijaaliwa kumaliza nyumba yangu Mwanakwerekwe, na uani, upande wa nyuma, nikajenga chumba cha matofali na mabati, urefu wa mita nne na upana wa mita tatu, nikasema sasa nina kiwanda.

Nakiri kwamba nilianza kwa ujinga. Jambo la kwanza nililofanya, kwa furaha ya kuwa na kuta zangu mwenyewe, lilikuwa kupigilia rafu na kuchora ukutani kwa rangi kivuli cha kila zana, hata zile ambazo bado sijazinunua. Nikawa na ukuta mzuri wa kuonyeshwa wageni na sina mahali pa kuegemeza ubao. Meza ya kwanza niliiunga kwa mbao za makasha, msonobari mwepesi, na kila nilipopiga randa ilitembea pamoja nami mpaka tukafika mlangoni. Meza ya pili, ambayo ndiyo niliyonayo, ilinichukua likizo mbili: uso wa mvule wa unene wa nchi tatu, miguu ya mfenesi, na ndimi zilizopita upande wa pili na kukazwa kwa kabari, bila msumari hata mmoja. Kimo chake nilikipata kwa kusimama wima, mikono ikining'inia, na kupima toka sakafuni hadi penye mkunjo wa kitanga: dhiraa moja, shibiri moja na morita, yaani toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, na nilipoweka utepe wa chuma nikapata sentimita themanini na sita. Meza ikiwa chini ya hapo, mgongo hulipa. Ikiwa juu ya hapo, randa hupigwa kwa mabega na mtu huchoka kabla ya adhuhuri.

Meza nikaiweka chini ya dirisha linaloelekea kibla, ambacho kwetu Unguja ni kaskazini karibu kamili. Sikulichagua kwa hekima yoyote. Ukuta ule ndio pekee usiopakana na jirani. Hata hivyo kila mwenye kazi ya mikono angelichagua, kwa sababu katika miezi ya kaskazi jua huwa limepita kusini yetu, basi dirishani huingia nuru tupu isiyo na jua, nuru tulivu isiyotupa kivuli kikali juu ya mstari wa kalamu, na upepo wa msimu huingia pamoja nayo. Wakati wa kusi hali hugeuka, jua likapiga uso wa meza, nami hutundika kanga kuukuu.

Baada ya meza zikaja mashine. Mwaka 1991 keekee ya umeme. Kisha msumeno wa mviringo wa mezani. Kisha randa ya umeme. Na mwaka 2003, nilipostaafu, kerezo. Sitaki kuzikashifu. Mtu aliyepasua ubao wa mvule wa dhiraa nne kwa msumeno wa mkono, kisha akauona ule wa umeme ukifanya kazi ile ile kabla hajamaliza kuvuta pumzi, hana haki ya kutamka neno. Ila mvule una vumbi lake, vumbi jembamba linalowasha ngozi na kumpigisha mtu chafya hata usiku kitandani, na msumeno wa mkono huliangusha miguuni ilhali ule wa umeme hulipeleka puani. Ikabidi nifunge mlango lisiingie nyumbani, nijifunge kitambaa usoni, na nizibe masikio.

Wakati huo palikuwa na marafiki zangu watatu, walimu wenzangu wa zamani, waliozoea kunipitia baada ya sala ya alasiri. Hawakugombana nami. Walipungua tu, kama maji ya bamvua yanavyorudi, hujui ni saa ngapi yalianza kuondoka, mpaka ukitazama unaona fungu la mchanga. Kwanza walisimama mlangoni wakingoja mashine inyamaze. Kisha wakawa wakipiga hodi mbili na kwenda zao. Kisha hapakuwa na hodi, au ilikuwapo nami sikuisikia.

Mwezi Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kisiwa kizima, ukakosekana kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Kisiwa chetu tangu mwaka 1980 kilikuwa kikipata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba, na kitovu kikikatika mtoto hana pa kunyonyea. Mwezi ule niliupoteza bure, nimekaa baina ya mashine zangu kama mwenye duka asiye na mteja, nikingoja. Nilichojifunza ni kununua jenereta.

Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii kwa miezi mitatu. Nilitumia jenereta kwa wiki mbili. Mji mzima ulikuwa ukinguruma, kila duka na jenereta lake mlangoni, na petroli niliyoichoma kwa kukata miguu ya kigoda kimoja ingenunua vigoda viwili. Nikaizima, nikafungua dirisha la kibla, nikalivuta sanduku la ammi toka chini ya meza.

Patasi zilikuwa zimeshika kutu, maana hewa yetu ina chumvi na miaka mingi sikuzipaka mafuta. Kamba ya uta ilikatika niliposhika tu. Siku mbili nzima nilinoa, mimi mzee mwenye umri uliopita sitini, na mara kadhaa nikaipitisha patasi juu ya malaika ya mkono nikajijibu mwenyewe: kwa muhogo. Mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka saba, alinikuta nikifunga kamba mpya.

"Babu, hiki kinanda?"

"Keekee hii. Shika jivu hapa juu, ukandamize."

Akakandamiza, nikavuta uta, na ile sauti ikatoka.

Pampu za maji zilikuwa zimesimama, kwa hiyo watu wa mtaa mzima walikuwa wakipita nyuma ya uwa wangu na ndoo na vigari kwenda kisima cha jirani, na dirisha langu liko njiani. Wa kwanza alisimama kuuliza ninafanya nini. Wa pili alikuwa na kigari kilichovunjika mhimili. Wa tatu hakuwa na haja yoyote, aliweka ndoo chini na kuegemea dirishani. Kabla ya mwisho wa Januari yule rafiki yangu wa karibu zaidi, ambaye sikumwona kwa muda unaonitia haya kuutaja, aliingia bila hodi, akageuza kasha, akakalia, akaanza kunieleza habari za kesi ya shamba la nduguye mahali hasa alipoiachia.

Umeme ulirudi mwezi Machi 2010, na mtaa ukapiga vigelegele, nami sikuwa nyuma. Mashine sikuziuza. Nilijenga banda la mabati kwenye pembe ya mbali ya uwa nikazihamishia huko, msumeno, randa na kerezo, nazo hufanya kazi asubuhi, mbao zikapasuliwa na kunyooshwa. Baada ya adhuhuri mlango wa banda hufungwa. Chumba cha dirisha kimebaki na meza, sanduku, na benchi refu lililoegemea ukuta ule niliouchora vivuli, vivuli ambavyo sasa vimefichwa na migongo ya watu. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mwingine mkubwa zaidi chini ya bahari. Utaratibu wangu sikuubadilisha.

Kuhesabu zana nimemwachia mjukuu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Juzi, karibu na magharibi, alifika kumi na mbili akasimama. Tukatafuta chini ya meza, tukatafuta katika taka za randa, nikaanza kusema kwa ukali kwamba hatutoki, mpaka tukasikia mgongano nje: nyundo ya ammi ilikuwa barazani, mkononi mwa mwalimu mwenzangu, anapasulia kungu.