Njia ya kwenda kwa muganga na mtoto mdogo

Hapa Goma njia yetu ya kwenda kituo cha afya inapita juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, yale ya mwaka 2002. Mtoto yuko mgongoni, kikwembe kimefungwa vizuri. Mlangoni tunaweza kukuta ndoo ya maji yenye klorini, kipimo cha joto, halafu barakoa. Ndoo tuliizoea tangu Ebola. Barakoa ndiyo inaleta kilio.

Kwa hiyo tunaanza nyumbani. Tunashona ndogo kwa kipande cha kikwembe cha mama. Anaivaa kwanza mwanasesere, kisha mama, kisha yeye, muda wa wimbo mmoja tu. Akiivua, tunamwacha; kesho tunarudia.

Lakini tusimkaze. Mwaka 2020 OMS na UNICEF walisema mtoto wa miaka 5 kushuka chini asilazimishwe. Wa chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa, maana akikosa pumzi hawezi kuivua. Kwa huyo, mama avae yake, wangojee nje penye upepo. Mlinzi akikataa, tumwite muuguzi kwa upole. Mtoto asirudi nyumbani bila chanjo kwa sababu ya kitambaa.