Flapu kwenye Ngozi Nyeusi

Mimi ni mzaliwa wa Masama, muuguzi wa wodi ya upasuaji Moshi mjini. Wagonjwa wetu wengi ni vijana wa bodaboda: muundi umevunjika, nyama imechunika, mfupa uko nje. Ngozi ya kupandikiza haishiki kwenye mfupa mtupu, kwa hiyo daktari hunyanyua kipande kutoka shavu la mguu, akakigeuza kufunika jeraha huku mishipa yake ingali inakilisha. Hiyo ndiyo flapu.

Akishashona, siku mbili tatu za kwanza ni za kwetu, kila saa, usiku kucha. Picha za vitabuni ni za ngozi nyeupe: ikipauka, damu haifiki, ikiwa zambarau, damu imeingia ikakosa pa kutokea. Kwa ngozi yetu rangi huchelewa kusema, na ukiingojea umechelewa nawe. Mimi hupima joto kwa mgongo wa kiganja, kisha namulika tochi na kubonyeza kwa kidole. Weusi ukirudi baada ya sekunde 2 au 3, shwari. Ukirudi papo hapo, vena imezidiwa. Tukibaki na shaka, daktari hudunga sindano nyembamba. Tone jekundu, tunashukuru. Damu nyeusi inayokimbilia nje, vena. Kisipotoka kitu, ateri.

Flapu nyingi nilizoona zikielekea kufa zilikuwa na shida ya vena, na mara nyingi tiba huanza na mkasi: bendeji imebana, au mgonjwa amelalia mshipa. Tunalegeza, tunainua mguu kwa mito, daktari anaondoa nyuzi moja mbili.

Baridi nayo hubana mishipa, na ya Julai kwetu haina mzaha, hivyo blanketi si anasa. Tumbaku hubana zaidi. Wazee wa kwetu ukiwauliza sigara watakataa, tena kwa kweli. Sasa uliza, "Shikamoo mzee, na ugoro je?" Atacheka, mkono unaelekea mfukoni. Nikotini ni ileile.

Mzee wa namna hiyo akiwa na kisukari, daktari hukata kingo kwanza, akakiacha kipande palepale siku 10 hadi 14 mishipa iliyobaki itanuke, ndipo akihamishe. Ndugu hulalamikia gharama ya kitanda. Nawaelewa, ila angekuwa baba yangu, ningezisubiri siku hizo.