Kimerudi ao kimekopeshwa? Somo kutoka vitabu vya Korea

Mwezi wa sita mwaka 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago kikubwa kiitwacho Kakuungu. Ni mali ya Wasuku, na kilikuwa kimekaa miaka mingi katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Siku hiyo nilisoma habari redioni kwa furaha: Ubelgiji imerudisha kinyago chetu. Kipindi hakijaisha, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mmoja mzee, msikilizaji wetu wa kila siku.

"Mwanangu, hicho kinyago kimerudi, ao mfalme ametukopesha tu?"

Nikanyamaza. Katika karatasi niliyokuwa nayo mkononi, neno mkopo lilikuwemo: mkopo usio na mwisho. Mimi mwenyewe ndiye niliyelifuta, maana niliona linaharibu habari njema.

Tangu siku ile nikaanza kutafuta kama kuna nchi nyingine iliyopokea mali yake kwa mkopo. Nikaikuta Korea Kusini, na nikashangaa. Makumbusho ya Taifa kule Kinshasa, pale boulevard Triomphal, ambamo mfalme alikabidhi kinyago, yalijengwa kwa pesa za Korea hiyo hiyo na kufunguliwa mwaka 2019.

Kisa chao ni hiki. Wafalme wa Korea wa ukoo wa Joseon walikuwa na vitabu vinavyoitwa Uigwe. Kila sherehe kubwa ya ikulu, iwe arusi, mazishi ao kutawazwa, iliandikwa humo kwa urefu: mafundi waliofanya kazi, vyombo vilivyotumika, gharama, hata picha za rangi za msafara, kila mtu na mahali pake. Nakala iliyopendeza kuliko zote ilikuwa ya macho ya mfalme. Nyingi za nakala hizo ziliwekwa katika kisiwa cha Ganghwa, ili ziwe salama.

Mwaka 1866 utawala wa Korea uliwaua mapadri Wafaransa, na jeshi la majini la Ufaransa likaja kulipiza kisasi. Kabla ya kuondoka, askari walibeba mamia ya vitabu na kulichoma jumba lenyewe. Maelfu ya vitabu viliungua. Vilivyobebwa viliingia katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, na watu wakavisahau.

Aliyevipata ni mama mmoja Mkorea, Park Byeong-seon. Alikwenda Ufaransa mwaka 1955 kusoma, baadaye akapata kazi katika maktaba hiyo. Mwaka 1975 alivikuta katika ghala la Versailles, vimeandikishwa kama vitabu vya China, kwa kuwa zamani maandishi ya ikulu ya Korea yalitumia herufi za Kichina. Alipowajulisha watu wa nchi yake, akapoteza kazi. Lakini hakuacha. Alirudi maktabani kama msomaji wa kawaida, akaomba vitabu, akanakili yaliyomo.

Mwaka 1993 rais Mitterrand alipeleka Seoul kitabu kimoja tu, wakati Ufaransa ilipotaka kuiuzia Korea treni ya mwendo kasi. Vingine vilisubiri hadi mwaka 2011. Vilipokelewa kwa shangwe kubwa, na mama Park alikufa mwaka huo huo akiwa amekwisha kuiona siku hiyo. Lakini makubaliano yanasema ni mkopo wa miaka mitano, unaoongezwa kila ukiisha. Sheria ya Ufaransa haikuruhusu mali ya makusanyo ya taifa itolewe hivi hivi.

Sisemi mkopo hauna faida. Leo Mkorea hahitaji kwenda Ufaransa ili aone arusi ya mfalme wake, anakwenda Seoul. Na sisi vilevile, Kakuungu kuwa Kinshasa ni bora kuliko kuwa Tervuren. Lakini mwenye shamba akipewa mahindi yake kwa mkopo, ajue ni mkopo, na aendelee kudai.

Jambo lingine linaniuma zaidi. Vitabu vile vilikuwa Ufaransa zaidi ya miaka 100, ndani ya nyumba ya watu wasomi, na orodha iliviita vya China. Ilihitajika mtu wa kwao, anayejua anachokisoma. Mwezi wa pili mwaka 2022, Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu zaidi ya 80,000 vilivyo Tervuren. Ni nani kati yetu anaisoma? Iwapo kiti cha mwami fulani kimeandikwa "kiti cha mti, Congo", anayeweza kusahihisha ni mzee wa kijiji kile, na wazee hao wanakufa kila mwaka. Orodha ikibaki katika ofisi za Kinshasa, bila kufika kwao, ni kama haikuja.

Juma lililofuata nilisahihisha habari yangu hewani. Nilisema: kinyago kimefika, lakini kwa mkopo. Mwalimu alipiga simu tena.

"Sasa umesema. Hiyo orodha nayo, utatusomea lini?"

Bado sijamjibu.