Radi ya Gurudumu la Baiskeli

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Leo nimeshika kalamu nizungumzie kitu king'aacho kweli kweli: ile taa ya disko inayowaka na kuzima upesi upesi, ambayo mafundi wa jukwaa huiita strobu.

Yamkini umewahi kuiona harusini au kwenye video za muziki. Watu wanacheza, lakini wewe unawaona kama picha zilizobandikwa ukutani: huyu mkono juu, yule mguu hewani. Siri yake si mwanga peke yake, bali pia ni giza. Taa inapomulika, jicho hunasa picha moja. Inapozima, mchezaji husonga bila kuonekana. Inapomulika tena, loo, yuko pengine!

Ujanja huu ni wa kale. Mnamo 1832 Joseph Plateau wa Ubelgiji na Simon Stampfer wa Austria, kila mmoja kivyake, walibuni kisahani chenye nyufa ambacho kikizungushwa kinahadaa macho. Karibu miaka mia moja baadaye, mnamo 1931, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia umeme. Umeme hujazwa kwenye kapasita, kisha humwagwa kwa ghafla ndani ya mrija wa gesi. Mwako wake huwa mfupi sana, hata mashine inayozunguka kwa kasi huonekana kana kwamba imesimama tisti. Siku hizi strobu nyingi hutumia taa za LED.

Sasa nije kwetu. Muhula wa kwanza mwaka huu chama chetu kiliandaa mchezo wa tamasha za drama, juu ya wavuvi waliopigwa na dhoruba ziwani. Tulitaka radi. Jamaa mmoja anayekodisha vyombo vya muziki sokoni alikuwa na strobu, nasi tukaanza kuchanga shilingi kumi kumi. Kila mtu alikuwa na hamu, mambo yangekuwa moto!

Hapo ndipo mwenzetu aliyepewa sehemu ya mama wa mvuvi alipomwita Mwalimu kando. Yeye ana kifafa. (Ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje jina lake.) Kliniki walimweleza kuwa si kila mwenye kifafa hudhuriwa na mwanga wa kumulika, ni kama watu 3 tu katika kila 100 wenye ugonjwa huo. Lakini yeye hakuwa amewahi kupimwa kwa mwanga, kwa hiyo waliomba ajihadhari.

Habari ilipoenea, baadhi ya wenzangu walisema, "Afadhali atolewe. Sehemu yake apewe mwingine." Mmoja hata alisogeza dawati lake, eti kifafa kinaambukiza. Jamani! Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate, kwa kugusana, wala kwa kukaa dawati moja. Mwenzetu aliinamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Nikikaa nyumbani, nani atamlilia mwanangu ziwani?" Wengine walicheka, lakini mimi niliona machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alituachia sisi wenyewe tuamue. Nikapiga moyo konde, nikainua mkono. Nilisema, "Taa tunaikodi siku moja, mwenzetu tuko naye miaka minne. Na hata tukimtoa yeye, ukumbini watakuwepo watu mia tatu. Tutawatoa wangapi tusiowajua?"

Si kwamba nilikuwa nachochea. Wako watu wasiojua kuwa mwanga huwadhuru mpaka siku wanapoanguka kwa mara ya kwanza, na wengi wao ni watoto na vijana kama sisi. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, kipindi cha katuni za Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kama mara 12 kwa sekunde. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini. Wataalamu husema hatari huwa hasa kati ya mimuliko 3 na 30 kwa sekunde. Strobu ya yule jamaa ilikuwa na kitufe cha kuongeza kasi, lakini hakikuandikwa namba yoyote. Ungejuaje umefika wapi?

Basi tukarudi kwa Plateau na Stampfer. Tuliipindua baiskeli kuukuu, tukafunika gurudumu la nyuma kwa katoni, tukakata madirisha mawili yanayoelekeana. Nyuma yake tukaweka tochi kubwa. Mmoja wetu alizungusha pedali kwa mkono huku akitazama saa ya ukutani: kila sekunde, gurudumu lizunguke mara moja. Madirisha mawili, mzunguko mmoja, mimuliko miwili kwa sekunde. Hesabu ya darasa la tatu!

Shule yetu ni ya kutwa, na mchezo ulikuwa saa nane mchana, jua likiwaka. Kila mmoja alileta blanketi kutoka nyumbani tukaziba madirisha. Bila giza, strobu haina kazi.

Wapo waliodhani mwanga wa polepole utapooza mchezo. Lakini wapi! Ulitupa nafasi ambayo ule wa kasi usingetupa. Giza lilipoingia, wavuvi walihama upesi na kuganda katika mkao mpya. Mwanga uliporudi, mashua ilionekana imerushwa upande wa pili na mvuvi mmoja hayupo. Watazamaji walipiga kelele! Tulimulika kwa sekunde kumi tu, tukaziba tochi, tukahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ngoma ikanguruma, maana radi ya mbali huonekana kabla ya kusikika. Mama wa mvuvi alisimama ufuoni, tochi ikiwa mgongoni pake, akalia hadi walimu wakatoa vitambaa.

Kabla ya kuanza, kiranja wetu alitangaza kuwa kutakuwa na mwanga wa kumulika. Anayedhurika aliombwa akae karibu na mlango, na akishtukizwa afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuka. Kufumba macho tu hakutoshi, kwa kuwa mwanga hupenya kope. Wawili walihamia mlangoni. Hatukuwauliza kitu.

Tulishika nafasi ya pili, na sina kinyongo. Enyi wenzangu wa drama, nawausia: kama mnatumia strobu, hesabuni mimuliko, isizidi mitatu kwa sekunde, fanyeni kwa muda mfupi, na tangazeni mapema. Taa ikigombana na mtu, ibadilisheni taa. Tahadhari kabla ya hatari.