Mwaka wa Mpwa Wangu

Mpwa wangu alichelewa kuhitimu kwa mwaka mzima, na kosa ni langu. Mimi ni fundi kompyuta Mwanjelwa, Mbeya, na ukoo mzima huniuliza mambo ya mashine. Yeye yuko Iringa. Alikuwa akitafiti mvua za Nyanda za Juu Kusini, ajue mkulima wa Rungwe na wa Kilolo wapande mahindi lini. Alitumia takwimu za CHIRPS, zinazounganisha picha za satelaiti na vipimo vya vituo vya ardhini kuonyesha mvua ya kila siku tangu 1981. Laptopu yake ikawa inaganda. Akanipigia: "Shikamoo mjomba. Mashine imenishinda, nifanyeje?"

Sikuomba hata kuiona programu yake. Nilimwambia kazi hiyo ni ya kompyuta kuu, aandike barua ya kuomba nafasi, asubiri. Akasubiri hadi siku ya kukabidhi ripoti ikampita.

Niliamini kwamba kompyuta zimepangwa kwa vyeo: simu, laptopu, seva, kompyuta kuu, na kila ya juu hufanya kazi ileile kwa haraka zaidi. Sivyo kabisa. Seva za kampuni ya simu hupokea maombi madogo ya watu wengi kwa mpigo, na sifa yake ni kutokuzimika. Kompyuta kuu huchukua swali moja zito na kulikatakata. Frontier ya Marekani, ambayo mwaka 2022 ilivuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, ina prosesa za gigahezi 2 tu, mwendo ambao laptopu nyingi za dukani huuzidi. Nguvu yake ni wingi: mashine zaidi ya 9,400 zilizounganishwa kwa nyaya za kasi, na ndani yake prosesa za michoro zaidi ya 37,000. Mtabiri wa hali ya hewa huigawia kila mashine kipande chake cha anga, nazo zikapashana habari bila kukoma, kwa kuwa upepo wa kipande kimoja huingia kingine.

Programu isiyoandikwa kwa kugawanyika hutumia prosesa moja, zilizobaki zikikaa bure. Ya mpwa wangu ilikuwa hivyo. Kwenye Frontier angepata foleni, asipate kasi.

Nilipoifungua programu yake hatimaye, ilinichoma. Ilikuwa inapakia kwenye RAM mvua ya karibu dunia nzima, kutoka nyuzi 50 kusini hadi 50 kaskazini, ilhali alihitaji mikoa miwili. Tulikata Mbeya na Iringa tu, tukaongeza RAM, na laptopu ileile ikamaliza kazi usiku mmoja.

Nimemwomba radhi yeye na mama yake, dada yangu, aliyeuza mahindi kumsomesha. Ada ya mwaka wa nyongeza nalipa mimi.