Nyuzi Nane za Babu

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Mimi nilimnyima babu yangu tuzo hiyo nyumbani kwetu Oyugis.

Babu alikuwa mpigaji wa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Aliketi kigodani, njuga zikilia mguuni, na pete ya chuma iliyovishwa kidole gumba cha mguu ikigonga ubao wa ala kudumisha mapigo. Nilipojifunza kinanda, nilidhani nyuzi zake zimepotoka. Siku moja nikabonyeza funguo moja baada ya nyingine, nikamtaka akaze au alegeze kila uzi hadi ulingane na kinanda. Alitii kimya. Alipiga wimbo mmoja, akaitundika nyatiti ukutani. Sikumsikia akiipiga tena.

Kosa langu nililitambua baada ya mazishi yake. Kinanda hugawa oktava katika nusutoni 12 zilizo sawa. Kwa kipimo alichokipendekeza Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885, kila nusutoni ina senti 100. Basi baina ya ufunguo mmoja na unaoufuata mna sauti nyingi ambazo kinanda hakiwezi kuzitamka. Humo ndimo zilimoishi nyuzi za babu.

Ilisalia kanda moja ya kaseti. Kanda ikienda kasi kupita kiasi, sauti zote hupanda pamoja, lakini uwiano baina yao haubadiliki. Niliukadiria uwiano huo, nikauingiza katika SuperCollider, lugha ya kompyuta aliyoitoa James McCartney mwaka 1996. Kwa lugha hiyo mtu huweza kuandika na kubadilisha programu mbele ya hadhira huku muziki ukiendelea. Utungaji huo wa papo kwa papo hauko mbali na ule wa manju tunaousoma katika fasihi simulizi. Uzi mmoja, badala ya nusutoni 3 au 4, niliuandikia 3.5.

Likizo iliyofuata nilitumbuiza uani kwetu. Nyanya alisikiliza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, uzi huo umeukaza mno. Mzee hakuufunga hivyo."

Nilifuta 3.5, nikaandika 3.4. Akatikisa kichwa. Nikaandika 3.3. Hapo akafumba macho, mguu wake ukaanza kugonga ardhi.

Muziki haukukatika. Safari hii aliyetii kimya nilikuwa mimi.