Sipo Kwenye Ikama

Mama yangu halipendi neno siasa. Akilisikia hushusha sauti, kana kwamba kuna mtu amejibanza nyuma ya mlango. Kwa hiyo jioni moja ya Februari 2025, nilipompigia simu Ngara kutoka Biharamulo kumwambia kwamba kesho yake nitazungumza mbele ya kamati ya kituo chetu cha afya na diwani atakuwepo, alinyamaza kwanza.

"Mwanangu," akasema, "wewe si umesomea kuhudumia wagonjwa? Hayo mengine waachie wenyewe."

Nilimwelewa. Stashahada yangu ya uuguzi na ukunga ilikula ng'ombe wawili na kahawa ya misimu mitatu. Serikali ilipoanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada za afya, mwaka wa masomo 2023/24, mimi nilikuwa nimeshamaliza. Sasa nilikuwa mwaka wa pili wa kujitolea. Leseni ya Baraza ninayo, sare ninayo, zamu napangiwa. Mshahara sina. Mama aliogopa nikisema sana nitaikosa hata hiyo nafasi ya bure.

Kuna neno moja ambalo chuoni sikulitilia maanani: ikama. Ni idadi ya watumishi ambao ofisi ya umma imeruhusiwa kuwa nao na kuwalipa. Halmashauri huomba nafasi, maombi hupanda hadi Dodoma, na kibali kikitoka ndipo ajira hutangazwa. Usiku nazalisha. Kwenye ikama sipo.

Muuguzi mfawidhi wetu ana daftari lenye jalada gumu, analoliweka kando ya Kitabu namba 12 cha MTUHA. Kitabu cha serikali kinauliza habari za mzazi na mtoto: umri, mimba ya ngapi, saa ya kujifungua, uzito. Daftari lake linauliza habari zetu. Kila asubuhi anaandika mstari mmoja: wazazi wangapi, wauguzi wangapi, nani. Nilipomuuliza linamsaidia nini, alinijibu, "Kulia hakuingii kwenye bajeti. Namba inaingia."

Nilimwelewa usiku mmoja wa Desemba. Nilikuwa peke yangu na mhudumu wa usafi. Mzazi wa kwanza alikuwa amejifungua na damu haikati. Wa pili alikuwa anasukuma. Wa tatu ndiyo kwanza alishuka kwenye bodaboda, amelowa mvua. Nilimchoma wa kwanza oksitosini, nikawa namsugua tumbo kwa mkono mmoja huku nikimpigia kelele wa pili asisukume bado. Mhudumu alishika taa. Kulipokucha walikuwa hai wote, mama watatu na watoto watatu. Nilijaza Kitabu namba 12, na nilipokisoma nikaona usiku mzuri kabisa. Kadiri tunavyohangaika wasife, ndivyo upungufu wetu unavyozidi kutoonekana.

Januari ikaja. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Tedros wa Shirika la Afya Duniani, alithibitisha kwamba Marburg imeingia mkoani Kagera, wilayani kwetu Biharamulo. Siku hiyohiyo huko Washington ilitiwa saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Wenzetu wawili wa kliniki ya VVU, waliokuwa wakilipwa na mradi, wakaambiwa wasije kazini. Walikuwa wauguzi wazuri. Nao hawakuwa kwenye ikama.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, ukiwa umechukua watu 10. Wiki zile za mwanzo kila mgonjwa mwenye homa nilimpima joto nikiwa nimenyoosha mkono hadi mwisho, na usiku sikulala nikiwaza kwamba nikiugua, hakuna ofisi inayonitambua kuwa niliugua kazini. Mama alipiga simu kila siku. "Rudi nyumbani." Sikurudi, lakini sitaki kujisifu. Siku mbili nilifunga begi.

Ni Mama huyohuyo aliyenifundisha uchumi wa kazi yangu bila kujua. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikaota mlimani. Mama alikuwa msichana, akiuza ndizi barabarani. Anasimulia jinsi wauguzi na madereva walivyoacha kazi zao hospitalini wakakimbilia kambini, kwa sababu mashirika yalilipa vizuri. Mwisho wa 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, na mashirika yakafungasha. Kila akisimulia nawaza jambo moja: kumbe wauguzi walipatikana. Kilichokuwa kimekosekana ni pesa ya kuwalipa.

Tuna mahali petu pa kusemea. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, chama chetu cha TANNA huwasha mishumaa, tunarudia kiapo, na risala husomwa kwa mgeni rasmi. Upungufu wa watumishi haukosekani ndani yake. Lakini Mei bajeti za halmashauri zimeshapita. Zinapikwa Januari na Februari, kwenye vikao ambavyo hakuna anayewasha mshumaa.

Kwa hiyo nikasimama. Mfawidhi alinipa daftari akasema, "Soma wewe, zamu nyingi ni zako." Nikasoma Novemba, Desemba na Januari. Usiku 92. Zaidi ya nusu, muuguzi mmoja.

Diwani alisikiliza vizuri. "Kwa hiyo vifo vya wazazi vimeongezeka?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hatujapata kifo."

"Basi mnafanya kazi nzuri. Hongereni."

Wajumbe wakapiga makofi. Nilitaka kukaa chini. Magoti yalikuwa yanacheza, na nilimsikia Mama sikioni. Lakini nikaukumbuka mkono wangu juu ya tumbo la yule mzazi.

"Mheshimiwa," nikasema, "basi la Bukoba kwenda Dar es Salaam linatakiwa kuwa na madereva wawili. Hawangoji lianguke kwanza."

Makofi yakaisha. Diwani akaomba daftari, akalifunua mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na sijui alikuwa anahesabu usiku au kura. Vyovyote vile, alihesabu. Kamati ikakubali kuwapa wanaojitolea posho ndogo kutoka mapato ya kituo, na maombi ya nafasi nne za wauguzi yakaandikwa kwenda halmashauri. Kibali cha Dodoma ni safari nyingine.

Usiku nilimpigia Mama.

"Ulisema nini?"

"Nilisoma daftari."

"Basi?"

"Na habari ya basi la Bukoba."

Akacheka. "Hiyo sasa siyo siasa."

Sikumbishia. Nilikuwa zamu. Kulipokucha nikaandika mstari wangu: wazazi wanne, muuguzi mmoja. Kisha jina langu, kwa herufi kubwa.